Joto la Chumba na Hatari ya Jiko la Mkaa

Mji wa Tunduma, ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, umejengwa katika nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai, anga likiwa halina mawingu, paa la bati hupoteza joto lake upesi. Chumba kisicho na dari hupoa pamoja nalo.

Katika baadhi ya miji ya Ulaya, tanuri moja huchemsha maji yanayopita mabombani na kupasha joto nyumba nyingi. Katika nyumba za kupanga za Tunduma, kila mpangaji hujitafutia joto lake. Wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha na kulala.

Hapo ndipo penye hatari. Mkaa uunguao pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, kizunguzungu hufuata, na aliyelala aweza kufa bila kuamka. Kukosekana kwa moshi si dalili ya usalama.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 huzikabidhi halmashauri usimamizi wa majengo na afya. Dari huhifadhi joto. Matundu ya hewa huokoa uhai. Kila chumba cha kupangisha chastahili vyote viwili. Jiko na libaki nje. Blanketi ndilo lilale na mtu.