Ladu za Tende Katika Nchi ya Chai

Kina mama wa Pwani waliohamia Kericho na Bomet kwa ndoa, kazi au biashara huizoea haraka desturi moja ya huko. Mtoto akirudi kutoka shule au madrasa, jioni imepoa na mvua imeanza, kitu cha kwanza kutiwa mkononi mwake ni kikombe cha chai pamoja na kipande cha mkate. Si ajabu. Mashamba ya chai yamezunguka kila mji, majani yake huteremshwa hadi mnadani Mombasa, na baridi ya nyanda za juu hutaka kitu cha moto.

Hata hivyo, chai inywewapo pamoja na chakula, tanini iliyomo hushikamana na madini ya chuma yaliyo katika nafaka, kunde na mboga, ikayazuia yasiingie damuni inavyopasa. Kuitia maziwa hakuondoi tatizo hilo. Waathirikao zaidi ni mama mjamzito, msichana aliyebaleghe na mtoto anayekua, kwani wao ndio wenye haja kubwa ya chuma. Afadhali basi chai ingoje kiasi cha saa moja, na mtoto atangulie kula ladu mbili na nusu ya chungwa. Vitamini C ya chungwa huusaidia mwili kuchukua chuma kilichomo chakulani.

Ladu tuijuayo Pwani huwa na unga, shira na tangawizi. Hii haina shira wala haihitaji tanuri. Tayarisha vikombe 2 vya tende zilizotolewa kokwa, kikombe 1 cha njugu karanga zilizokaangwa, nusu kikombe cha unga wa wimbi, vijiko 3 vya ufuta, hiliki kidogo na maji ya nusu limau. Wimbi ni nafaka ya jadi ya Wakipsigis, wenyeji wa huko, na ina kalisi nyingi mno. Tena hupatikana sokoni bila taabu. Ukaange unga huo katika kikaango kikavu, kwa moto mdogo, mpaka unukie, kwani unga mbichi haufai kuliwa. Ufuta nao ukaangwe kidogo.

Katika njugu ndipo penye hadhari kubwa. Hazistawi katika baridi ya Kericho. Hupandishwa kutoka nchi za joto, kisha hukaa magunia kwa magunia katika hewa yenye unyevu, na unyevu huzaa ukungu wenye sumukuvu. Sumu hiyo ndiyo iliyoua watu 125 mashariki ya Kenya mwaka 2004, waliokula mahindi yaliyoota ukungu. Kukaanga hakuimalizi. Nunua njugu kidogo kidogo, zimwage kwenye ungo, uzichambue moja moja, na kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ladha chungu itupwe. Usiwape kuku wala mbuzi. Muuzaji asiyekubali njugu zake zichaguliwe, mpite.

Tende zikiwa ngumu, nazo huku huwa ngumu kwa baridi, zilowekwe katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 na kuchujwa vizuri. Twanga njugu katika kinu, zisiwe laini kabisa. Tia tende, utwange mpaka zishikane, kisha changanya wimbi, hiliki na limau. Paka viganja mafuta kidogo, finyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu changa, uvigaragaze katika ufuta. Zitatoka ladu 25 hivi.

Sifa ya tende isitupumbaze: sukari yake ni sukari, na ladu mbili au tatu kwa siku zamtosha mtoto, na asukutue kinywa baadaye. Mtoto mdogo asipewe njugu nzima, huenda zikamkaba. Za kwake zitwangwe mpaka ziwe kama siagi, na ladu ikatwe vipande vidogo. Wapendao kuongeza asali wasimpe aliye chini ya mwaka 1. Zihifadhi katika bakuli kavu lenye kifuniko. Kwa baridi ya Kericho zitakaa siku 5 au 6. Mombasa, ziwekeni katika friji.