Taji la Jino la Kupandikiza: Skrubu au Saruji?

Anayewekewa jino la kupandikiza huuliza bei, maumivu na rangi. Swali moja husahaulika: taji, yaani jino lenyewe linaloonekana, litashikiliwa na nini?

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alimtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa njia hii mwaka 1965, akitegemea ugunduzi wake kwamba mfupa hushikamana na titani. Juu ya kipandikizi hukaa kiunganishi, na juu ya kiunganishi hukaa taji. Hapo ndipo zinapoachana njia mbili.

Ya kwanza ni saruji ya meno. Daktari hukaza kiunganishi, kisha hubandika taji juu yake. Taji halina tundu la skrubu, hivyo hupendeza, na hufaa hata kipandikizi kikiwa kimeinama. Hatari yake iko chini ya fizi. Kwenye jino la asili, nyuzi za fizi hujichomeka katika mzizi na kuizuia saruji isishuke. Kwenye kipandikizi hupita kandokando tu, na saruji hupenya. Ikibaki humo hukusanya bakteria; fizi huvimba, hutoa damu, na mwishowe mfupa huliwa. Mwaka 2009 Thomas Wilson wa Marekani alichungulia kwa kamera ndogo vipandikizi 42 vilivyokuwa na dalili za ugonjwa huo: 34 vilikutwa na masalia ya saruji. Baadhi ya dalili zilijitokeza baada ya zaidi ya miaka tisa.

Njia ya pili ni skrubu. Hupitishwa katika tundu la taji, hukazwa kwa spana ndogo yenye kipimo, kisha tundu huzibwa kwa kijazo cha rangi ya jino. Skrubu huweza kulegea, na kauri ya taji kumeguka. Hata hivyo daktari hufungua, hurekebisha na kurudisha. Skrubu ya ndani, ile inayokaza kiunganishi, ikilegea chini ya taji lililobandikwa kwa saruji, huenda akalazimika kulitoboa au kulikata.

Kwangu mimi, skrubu itangulie, hasa kwa meno ya nyuma. Saruji ibaki kwa pale ambapo tundu lingetokeza usoni mwa jino la mbele, na hata hapo kuna skrubu maalumu zinazoweza kugeuza njia ya tundu hadi nyuzi 25. Saruji ikilazimu, ukingo wa taji uwe karibu na ukingo wa fizi, saruji iwe kidogo na ya aina inayoonekana kwenye eksirei, na picha ipigwe baada ya kubandika.

Muulize daktari wako kabla ya upasuaji. Kipandikizi kikishashikamana na mfupa, mwelekeo wake haubadiliki tena.