Tango: Zao la maji linalotoa mlo mwepesi na soko la uhakika Mediterania

JUA la saa saba mchana mwezi Julai katika visiwa vya Ugiriki ni kali kiasi kwamba akina mama wengi hawana hamu ya kuwasha jiko. Huchukua matango, nyanya, kitunguu maji na pilipili hoho, wakakata vipande vikubwa, wakaweka zeituni na kipande cha jibini juu yake, kisha wakamimina mafuta ya zeituni. Mkate ukiwa pembeni, chakula cha mchana kimekamilika.

Kwa wakulima wengi wa Afrika Mashariki, tango ni zao la kujazia nafasi bustanini. Huliwa vipande viwili vitatu kwenye kachumbari, na likizidi sokoni hugeuka manjano kwenye tenga huku muuzaji akiliangalia. Mataifa yanayoizunguka bahari ya Mediterania yamelipa tango kazi nyingine. Huko ni sehemu ya mlo wenyewe, na nyuma ya sahani moja wapo mkulima wa mboga, mfugaji, mkamuaji mafuta na mwoka mikate, kila mmoja akipata chake.

Chakula chepesi, lakini si cha njaa

Tango ni jamaa ya tikiti maji, boga na mung'unye, na asili yake ni India. Kiasi cha asilimia 95 ya uzito wake ni maji. Gramu 100 za tango bichi zina takriban kilokalori 15 tu, ndiyo maana linawafaa wanaotaka kupunguza uzito na wale wanaoshinda juani. Lina madini ya potasiamu na vitamini K, na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi zake iko kwenye ganda. Likioshwa vizuri, halina sababu ya kumenywa lote.

Hata hivyo, tango peke yake halishibishi, na watu wa Mediterania wanalijua hilo. Hulichanganya na mtindi au jibini kwa ajili ya protini, mafuta kwa ajili ya nguvu, na mkate au dengu ili mtu afike jioni bila kuyumba. Ulaji huo wa mboga nyingi, jamii ya kunde, samaki, mafuta ya zeituni na nyama kidogo umechunguzwa na wataalamu wa afya tangu miaka ya 1950, na umehusishwa na kupungua kwa maradhi ya moyo. Mwaka 2010, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, UNESCO, liliuweka katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia usioshikika.

Siri ya mtindi ni kuondoa maji

Chakula cha tango kinachojulikana zaidi Ugiriki ni tzatziki. Waturuki wana ndugu yake, cacık, ambayo huongezwa maji baridi na nanaa ikanyweka kama supu wakati wa joto. Viungo vyake vyote, isipokuwa mafuta ya zeituni, vinapatikana katika masoko mengi ya hapa kwetu.

Kwa familia ya watu wanne hadi sita, inatosha lita 1 ya mtindi mzito uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, tango 1 kubwa, punje 2 za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta, kijiko 1 cha maji ya ndimu au siki, na majani machache ya nanaa.

Mtindi huwekwa kwenye kitambaa safi cheupe, ukaning'inizwa juu ya bakuli mahali pa baridi usiku kucha. Asubuhi hubaki karibu nusu yake, mzito kama jibini laini. Tango hukwaruzwa kwenye kikwaruzo, likanyunyizwa chumvi na kuachwa dakika 15 hadi 20, kisha likakamuliwa kwa mkono. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na matokeo yake ni uji usio na ladha. Baada ya hapo vyote huchanganywa, vikakaa kwenye jokofu saa moja, na kuliwa kwa mkate, chapati, samaki wa kuchoma au mishikaki. Ni vizuri kiishe siku hiyo hiyo.

Asiye na mafuta ya zeituni, ambayo kwetu huagizwa kutoka nje na bei yake ni kubwa, anaweza kutumia mafuta ya alizeti ya Singida au Dodoma. Ladha haitakuwa ile ile, lakini chakula kitalika. Vivyo hivyo, dengu za Kanda ya Ziwa zilizochemshwa na kusagwa pamoja na ufuta, kitunguu saumu na ndimu hutoa hummus, rojo ambalo watu wa Lebanon na majirani zao hulichovya kwa mkate na vipande virefu vya tango.

Kinachobaki hakitupwi

Jambo jingine la kujifunza ni namna wanavyotumia masalia. Fattoush ya Lebanon ni saladi ya tango, nyanya na majani mabichi iliyochanganywa na vipande vya mkate wa jana vilivyokaushwa kwa moto au mafuta. Gazpacho ya kusini mwa Hispania ni supu baridi inayosagwa kwa nyanya zilizoiva sana, tango, pilipili hoho, kitunguu saumu, siki, mafuta na mkate uliokauka.

Vyakula hivi vilianza kwenye nyumba za watu wa kawaida na vibarua wa mashambani, si hotelini. Nyanya laini ambayo mteja ameikataa na mkate ambao haukuuzwa jana vimekuwa chakula ambacho leo watalii hukilipia fedha nzuri.

Feta: jina lililolindwa mahakamani

Ile saladi ya kijijini ya Wagiriki, horiatiki, imewafaa pia wafugaji wao. Jibini linalowekwa juu yake, feta, hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo, au ya kondoo yaliyochanganywa na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30. Kwa miaka mingi nchi nyingine za Ulaya zilitengeneza jibini la maziwa ya ng'ombe na kuliuza kwa jina hilo hilo.

Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulisajili feta kuwa jina la bidhaa ya Ugiriki. Ujerumani na Denmark zilipinga, lakini Oktoba 2005 Mahakama ya Ulaya ikatupilia mbali madai yao. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliamua tena kwamba Denmark ilikosea kwa kutozuia viwanda vyake kusafirisha jibini la jina hilo nje ya Umoja huo. Kwa mfugaji wa kondoo wa milimani, hukumu hizo zilikuwa na maana moja: mwenye kutaka feta hana budi kununua maziwa ya Ugiriki.

Tango lilipobebeshwa lawama

Lakini soko lililojengwa kwa miaka linaweza kubomoka kwa siku moja. Mkoa wa Almería, kusini mwa Hispania, una zaidi ya hekta 30,000 za mabanda ya plastiki yanayolima matango, nyanya na pilipili hoho kwa ajili ya nchi za kaskazini mwa Ulaya.

Mei 2011 ulizuka nchini Ujerumani ugonjwa wa kuhara damu uliosababishwa na vijidudu aina ya E. coli. Mei 26, maofisa wa afya wa mji wa Hamburg walitangaza kwamba matango ya Hispania yanashukiwa. Maagizo yakafutwa, malori yakarudishwa, na tani kwa tani za matango mazima zikatupwa. Urusi ikapiga marufuku mboga zote za Umoja wa Ulaya.

Siku chache baadaye vipimo vilionyesha kuwa vijidudu vilivyokutwa kwenye matango hayo si vile vilivyokuwa vikiua watu. Juni 10, serikali ya Ujerumani ilieleza kuwa chanzo ni mbegu zilizochipushwa na kuliwa mbichi, na uchunguzi ukaelekeza kwenye mbegu za uwatu zilizotoka Misri. Watu zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 walifariki. Umoja wa Ulaya ulitenga Euro milioni 210 kuwafidia wakulima wa mboga, lakini wengi walilalamika kuwa fedha hizo hazikufikia hasara waliyopata.

Mkulima wa Almería hakuwa na kosa, lakini angalau aliweza kuonyesha shamba, tarehe ya kuvuna na mahali mzigo ulikokwenda. Mkulima mdogo asiyeandika chochote, likimkuta kama hilo, atajitetea kwa nini?

Mkulima na mama lishe wafanye nini

Tango huanza kuvunwa siku 45 hadi 60 baada ya kupanda, na likianza linatakiwa kuchumwa kila baada ya siku mbili au tatu. Tango linaloachwa likomae na kuwa manjano hunyonya nguvu ya mmea na kupunguza matunda yanayofuata. Kwa kula bichi, mteja hulitaka likiwa la kijani, gumu na lenye mbegu changa.

Baada ya kuvuna liwekwe kivulini. Joto linalolifaa ni nyuzi 10 hadi 13. Likiwekwa kwenye baridi kali zaidi kwa siku nyingi hulainika na kuoza, na likikaa karibu na ndizi au nyanya zinazoiva hugeuka manjano upesi, kwa sababu matunda hayo hutoa hewa ya kuivisha.

Kwa kuwa chakula hiki hakipikwi, usafi hauna mbadala. Mkulima asimwagilie kwa maji machafu, asitumie samadi mbichi, na azingatie siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kopo la dawa kabla ya kuvuna. Mpishi aoshe tango kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kulikata, na kisu na ubao uliokata nyama usiguse saladi.

Mama lishe au mwenye mgahawa anayetaka kujaribu aanze na bakuli chache kando ya samaki au mishikaki, na apige hesabu sawasawa. Akinunua lita mbili za mtindi na kubakiwa na lita moja baada ya kuchuja, gharama ya lita hiyo moja ni bei ya lita mbili. Anayelisahau hilo atauza sana na kufunga siku akiwa na hasara.

Kwa mkulima, mgahawa unaochukua matango kila baada ya siku mbili, hata kama ni kumi tu, ni mteja wa kulindwa kuliko lori linalopita mara moja kwa msimu. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe lazima kiwe safi.