BORO, ELEMENTI NAMBA 5: IKO NA KAZI GANI?

Katika tablo ya elementi wengi wetu tunapita mbio kwa namba 5. Wengine wanasema boro ni ya kukariri tu kwa ajili ya egzameni. Sisi wa sayansi tunapenda kuwajibu.

Kwanza tufahamu jambo moja. Molekili ikimeza mwanga, nguvu ile haipotei. Mara nyingi inageuka joto, kwani molekili inatikisika. Lakini kuna zingine zenye kuirudisha inje kama mwanga wa rangi ingine.

Boro inasaidia namna gani? Inashika pande mbili za molekili ya kaboni, nayo yenyewe inabeba atomu mbili za fluori. Ni kama meza yenye kuyumba: ukipigilia ubao katikati ya miguu, inatulia. Basi joto linapunguka, mwanga unaongezeka. Mwaka 1968 Treibs na Kreuzer, katika Ujerumani, walieleza rangi ya namna hiyo. Leo jamaa yake inaitwa BODIPY. Nyingi zinamulika kijani zikipigwa na mwanga wa buluu.

Kazi zake:

1. Kutia rangi ndani ya seli, ili sehemu zake zionekane wazi kwa mikroskopi.

2. Ekrani. Mwaka 2016 Hatakeyama na wenzake, katika Ujapani, walionyesha molekili yenyi boro na azoti, yenyi kutoa buluu safi sana.

3. Kupima oksijeni. Hapa ndipo tusimame kidogo. Mwaka 2007 Fraser na wenzake wa Virginia, Marekani, waliunga boro na plastiki. Ikatoa mwanga wa namna mbili: mmoja wa upesi, mwingine wa polepole. Oksijeni inazima ule wa polepole. Kwa hiyo, ukilinganisha miangaza miwili, unajua oksijeni iko wapi na inakosa wapi.

Sasa, uvimbe wa kansa mara nyingi unapungukiwa na oksijeni, na hapo matibabu ya mionzi yanapoteza nguvu. Mwaka 2009 kikundi kile kilionyesha hali hiyo ndani ya panya. Yalikuwa majaribio, haikuwa dawa. Lakini muganga hawezi kupiga vita na kitu asichokiona.

Basi tusizarau namba 5. Mungu aliyeumba jua ndiye aliyeumba na atomu ndogo.

Wanafunzi wa Sayansi