Baiskeli ya umeme: Pima mguu wako kabla hujatoa pesa



Ndugu msomaji, hapa Tanga baiskeli si kitu kigeni. Mji wetu ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka, na wengi wetu tumekulia juu ya keria ya baba. Sasa zimeingia baiskeli za umeme, zenye mota na betri, na baadhi ya watu wanaziweka kando zile za zamani na kuhamia huko. Si jambo baya. Lakini katika kuhama huko liko kosa moja ambalo nimekutana nalo kazini, na mimi mwenyewe nilichelewa kulitambua. Mnunuzi anauliza bei, anauliza betri inakwenda kilomita ngapi, anauliza kama kuna rangi nyeusi. Haulizi kama fremu inalingana na mwili wake.

Goti la mwalimu

Mwaka 2024 alinijia mzee mmoja wa miaka 58, mwalimu wa madrasa. Akaniambia: "Daktari mwanangu, huu mwezi wa pili nasali juu ya kiti. Sijda nainama tu, na tahiyatu siwezi kukaa. Wanafunzi wangu wananitazama."

Nilimpima goti, halikuwa limevimba sana. Nikampa vidonge vya diclofenac vya siku tano na kumwambia kuwa umri nao una mambo yake. Akapata nafuu, vidonge vilipokwisha maumivu yakarudi. Alipokuja tena nikampa vingine na dawa ya kuchua. Mara ya tatu nilimsindikiza hadi mlangoni, nikamwona akipanda baiskeli yake. Magoti yalikuwa yanapanda karibu na kifua, kama mtu mzima aliyeazima baiskeli ya mwanawe.

Nikamwita arudi. Kumbe kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akiendesha Phoenix ya tairi 28 bila kuumwa goti. Miezi mitatu nyuma watoto wake walikuwa wamechangishana na kumnunulia baiskeli ya umeme kama zawadi, bila yeye kuwepo dukani. Nikamuuliza anaiendeshaje. Akasema: "Umeme nauwasha nikichoka tu, naokoa betri."

Tukapima pale pale. Mguu wake kwa ndani ulikuwa sentimita 82. Fremu ilikuwa ya inchi 16. Siti tuliivuta juu hadi mwisho wa alama, ikafika sentimita 66 kutoka kwenye ekseli ya pedeli. Yeye alihitaji 72. Sentimita 6 hizo ndizo zilizokuwa zikimkosesha sijda yake, nami nilikuwa nikizitibu kwa vidonge.

Kwa nini goti linaumia

Mbele ya goti kuna mfupa mdogo wa duara tunaouita pia ya goti. Kadiri goti linavyokunjwa zaidi huku likisukuma kwa nguvu, ndivyo pia hiyo inavyokandamizwa dhidi ya mfupa wa paja. Siti ikiwa chini, kila mzunguko wa pedeli unaanza na goti lililokunjwa kupita kiasi. Kwa mwendo wa nusu saa mguu mmoja huweza kuzunguka zaidi ya mara elfu moja. Ndiyo maana maumivu ya siti ya chini hukaa mbele ya goti, na huzidi mtu anapopanda ngazi, anapochuchumaa na anapokaa tahiyatu.

Siti ikiwa juu mno, madhara ni mengine. Maumivu hukaa nyuma ya goti, na kwa kuwa kiuno kinayumba kulia na kushoto kuifuata pedeli, mgongo wa chini nao huanza kulalamika. Fremu ikiwa ndefu mno, mwendeshaji hujinyoosha kuufikia usukani, shingo na mabega yakachoka, na vidole viwili vya mwisho vya mkono vikafa ganzi kwa sababu neva inayopita kwenye kiganja inabanwa.

Kwa baiskeli ya kawaida mwili hulalamika mapema, nawe unaiacha au unarekebisha. Kwa baiskeli ya umeme, mota hulificha kosa. Ukiijaribu dukani kwa dakika mbili huku umeme umewashwa, inateleza tu, na fremu yoyote unaiona nzuri. Siku betri inapokwisha njiani, au unapoizima kuokoa chaji, ndipo unasukuma kwa miguu yako chombo ambacho mara nyingi kina uzito wa kilo 20 hadi 30.

Tairi si fremu

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Muuzaji anaposema "hii ni 26" au "hii ni 28", anataja ukubwa wa tairi. Fremu ina kipimo chake: ni urefu wa bomba la siti, kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli hadi mwisho wa juu wa bomba hilo. Baiskeli mbili za tairi 26 zinaweza kuwa na fremu tofauti kabisa. Nyingine huandikwa herufi S, M au L. Herufi hizo hazilingani kwa kila kiwanda, kwa hiyo zisikutoshe. Nenda na futikamba.

Jinsi ya kupima nyumbani

Kwanza, vua viatu na simama umeegemea ukuta, miguu imeachana kidogo. Chukua daftari lenye jalada gumu (si kitabu cha dini), liweke katikati ya miguu na ulipandishe hadi liguse mwili kama unavyogusa siti. Mtu wa nyumbani kwako apime kutoka ukingo wa juu wa daftari hadi sakafuni. Huo ndio urefu wa mguu wako kwa ndani. Futikamba ya fundi cherehani inatosha.

Pili, tafuta fremu. Kwa baiskeli ya mjini ya kukaa wima, zidisha kipimo chako kwa 0.66. Mwenye mguu wa sentimita 70 atapata kama 46, yaani inchi 18. Mwenye 76 atapata 50, karibu na inchi 20. Mwenye 82 atapata 54, yaani inchi 21. Kwa zile za matairi manene, ambazo fremu yake imejengwa fupi, zidisha kwa 0.57. Hapo wa 70 anapata inchi 16, wa 76 anapata 17, na wa 82 anapata 18. Hayo ni makadirio ya kuanzia. Ukikosa namba kamili chukua iliyo karibu, kisha endelea na vipimo vinavyofuata.

Tatu, simama ukiwa umeipanda baiskeli bila kukaa, nyayo zote mbili chini. Kama bomba la juu limenyooka, ibaki nafasi ya angalau sentimita 3 kati yake na mwili wako. Kwa njia za mchanga na mashimo, iwe 5 au zaidi. Ukisimama ghafla, chombo cha kilo 25 kikilala upande mmoja nawe unagusa chini kwa ncha za vidole, utaanguka nacho. Na anayeanguka hutanguliza mkono, ndiyo maana tunapokea viwiko na vifundo vya mikono vilivyovunjika.

Nne, pima siti. Zidisha urefu wa mguu kwa 0.88 upate umbali kutoka ekseli ya pedeli hadi juu ya siti. Wa 70 ni kama 62, wa 76 ni 67, wa 82 ni 72. Njia rahisi zaidi: kaa kwenye siti ukishika ukuta, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Tano, angalia alama iliyochorwa kwenye nguzo ya siti. Ukilazimika kuivuta hadi alama hiyo ionekane, fremu ni ndogo kwako. Usiipitishe, kwani nguzo inaweza kuvunjika au kupasua fremu.

Sita, shika usukani. Viwiko viwe vimelegea kidogo, mabega yasipande masikioni. Kisha zima umeme na uzunguke mtaa mzima kwa miguu. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine.

Kwa akina mama, wazee na vijana

Mwenye kuvaa buibui au kanzu, na mzee ambaye nyonga imekaza, achague fremu ambayo bomba la juu limeshuka chini, ili apande bila kurusha mguu. Ahakikishe mnyororo una kifuniko na gurudumu la nyuma lina kinga ya nguo, maana mota haijui kuwa pindo limeingia kwenye spoku. Kwa fremu ya namna hii kipimo cha tatu hakifanyi kazi, basi siti na usukani vipimwe kwa makini zaidi.

Wazazi nao wana desturi ya kununua kubwa, "atakua nayo". Kwenye kanzu ya Idi hilo halina neno, tunapinda mikono ikaisha. Kwenye baiskeli ya umeme ni hatari. Kijana asiyefika chini kwa miguu hawezi kukizuia chombo kizito chenye mota. Mnunulie kulingana na mguu alio nao leo.

Wapo wanaopendelea kufunga mota kwenye baiskeli yao ya zamani, kwa kuwa fremu tayari inawatosha. Hoja yao ina uzito, lakini breki za fito hazikutengenezwa kwa mwendo wa mota. Fundi azikague breki na fremu kwanza.

Na vidonge je?

Dawa kama diclofenac zina nafasi yake, lakini si za kununua dukani kila wiki ili uendelee kuendesha. Zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee. Pia si kila goti linaumizwa na baiskeli. Goti likivimba, likiwa la moto, likikwama lisikunjuke, likiuma usiku ukiwa umelala, au ukiwa na homa, fika kituo cha afya usisubiri.

Mwalimu wetu alimpa baiskeli ile kijana wake wa mwisho, ambaye mguu wake ni sentimita 70, naye akairudia Phoenix yake. Nilimpa mazoezi ya kukaza misuli ya paja. Haikuwa kazi ya siku mbili. Baada ya wiki kama sita alikuja zahanati, si kwa dawa, bali kunieleza kuwa amekirudisha kiti kwa mwenyewe na amekaa tahiyatu nyuma ya imamu. Watoto wake wanaendelea kuweka akiba wamtafutie nyingine. Safari hii wameandika namba tatu kwenye karatasi: mguu 82, fremu 21, siti 72.

Basi nawe, ndugu msomaji, usiku wa leo chukua futikamba. Wapime watu wa nyumbani kwako, andika namba zao, kisha ipime baiskeli iliyoegeshwa uani. Huenda ukagundua kwamba goti unalolichua kila jioni linahitaji spana kwanza.

Wabillahi tawfiq.