Mota ya Kiti cha Rubani

Mwaka huu sisi watatu tulijenga kiti kinachoyumba kama ndege iliyo angani, huku mchezo wa urubani ukiendelea kwenye kompyuta. Kilichotutoa jasho ni mota.

Wengi hukimbilia mota ya feni. Wapi! Hiyo ina mbio tu, kuinua mtu haiwezi. Tulinunua mota mbili za waipa za gari kuukuu, moja ya mbele na nyuma, nyingine ya kulia na kushoto. Ndani mna gia ya skrubu inayopunguza mbio na kuongeza nguvu, na umeme ukikatika kiti hakiporomoki ovyo.

Lakini piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Kiti na mtu ni kilo 80, yaani nyutoni 784. Uzito huo ukiwa sentimita 10 kando ya egemeo, unavuta kwa nyutonimita 78. Si mchezo! Sasa mota isukume kiti sentimita 40 kutoka kwenye egemeo: inatosha nyutoni 196. Mkono wa mota ukiwa sentimita 5, mota inadaiwa nyutonimita 10 hivi. Hizo ni za kukishikilia tu. Kukirusha upesi kwataka zaidi. Tena mkono mfupi una gharama yake: kiti huinama digrii 7 tu kila upande. Amini usiamini, macho yakiwa kwenye skrini, hizo 7 zinatosha kukutia kizunguzungu.

Kuiongoza je? Mota ni kipofu, haijui imefika wapi. Tuliifunga kidude kama kile cha kuongeza sauti ya redio. Kikizunguka, volti zake hubadilika, na kompyuta ndogo husoma mahali kiti kilipo. Tofauti na mahali kinapotakiwa ikiwa kubwa, mota hupewa umeme mwingi, ikipungua, hupunguziwa. Tulipozidisha, kiti kilitetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Siku moja waya wa kidude hicho ukachomoka. Kompyuta ikadhani kiti hakijasogea, ikazidi kusukuma, na mwenzetu akatupwa sakafuni. Goti likachubuka, lakini kichwa kilipona kwa inchi chache. Sasa kila upande una swichi inayogongwa na kiti chenyewe na kukata umeme wa mota moja kwa moja, bila kuiuliza kompyuta. Na kitufe chekundu hushikwa na mtu aliyesimama kando, si yule aliyeketi.