Mohammed Ibrahim: Loya Msomali wa Kwanza Kenya, Alitupwa Ndani Bila Kesi Akarudi Kuwa Jaji wa Mahakama ya Juu

Kama umewahi kupanda basi ya kutoka Garissa kuja Nairobi, hii sehemu unaijua. Mkifika daraja la Tana, gari inasimama na karao anapanda. "Vipande!" Kila mtu anatoa chake. Mwenye hana, anashuka na mzigo wake. Sasa panda basi ya Kisumu uone kama kuna mtu atakuuliza kipande njia yote.

Ndio maana huko Garissa, Wajir na Mandera, wazee wakivuka huo mto wanasema "naenda Kenya." Wewe unadhani ni mzaha, lakini hiyo kauli iko na historia refu, na leo tutaielezea kupitia maisha ya msee mmoja: Jaji Mohammed Khadhar Ibrahim, aliyeaga dunia Disemba 2025 akiwa na miaka 69. Wengi walimjua kama jaji mpole wa Mahakama ya Juu. Kabla ya hapo alikuwa loya ambaye serikali ya Moi ilimsukuma ndani.

Mbona ilichukua miaka 20?

Ibrahim alizaliwa 1956, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na 1983 akaapishwa kuwa wakili. Alikuwa Msomali wa kwanza Kenya kufika hapo. Soma hiyo tarehe tena. Kenya ilipata uhuru 1963, na miaka 20 nzima ikapita bila jamii yake kuwa na wakili hata mmoja.

Iko hivi. Kabla ya uhuru, Wasomali wengi wa kaskazini walikuwa wanataka kujiunga na Somalia. Tume ilitumwa 1962 kuwauliza, wakasema wazi, lakini Mwingereza akaenda na kuacha hilo eneo ndani ya Kenya. Vita vikaanza, vile vya shifta. Disemba 1963, wiki chache tu baada ya bendera kupandishwa, serikali ikatangaza hali ya hatari huko.

Vita viliisha mwisho wa miaka ya sitini. Hiyo sheria haikuisha. Katiba ya zamani ilikuwa na kifungu kilichompa rais nguvu ya kutawala kaskazini mashariki kwa amri yake, na kilikaa hadi 1991. Wewe wa Nakuru ulikuwa chini ya sheria moja, na mwenzako wa Garissa alikuwa chini ya nyingine. Juu ya hiyo, 1970 Bunge ikapitisha sheria ya kuzuia watu kushtaki serikali kwa mambo ambayo askari walifanya wakati wa vita. Uliuliwa ng'ombe, ukachomewa nyumba, ukapoteza mzazi? Korti ilikuwa imefungwa.

Halafu Novemba 1980, mtaa wa Bulla Karatasi pale Garissa ukateketezwa na watu wakauawa, baada ya maafisa wa serikali kupigwa risasi mjini. Februari 1984, wanaume wa Wajir wakakusanywa kwa kiwanja cha ndege cha Wagalla na kuwekwa juani bila maji kwa siku kadhaa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya ukweli na maridhiano ilipotoa ripoti 2013, ilisema idadi inakaribia 1,000.

Cheki tarehe: Wagalla ilitokea wakati Ibrahim alikuwa na kama mwaka mmoja tu kwa hiyo kazi. Ndio kwanza umeapa kutetea sheria, na jamii yako inauawa na watu wa serikali hiyo hiyo.

1989: Kadi ya pinki

Novemba 1989 serikali ikatoa agizo kwamba kila Msomali wa Kenya aliyefika miaka 18 apigwe msasa. Hata kama una kipande, hata kama una pasipoti, hata kama budako alipigania hii nchi. Unaenda mbele ya jopo, unaulizwa ukoo wako, babu yako, chifu wako. Ukipita unapewa kadi ya rangi ya pinki ya kutembea nayo pamoja na kipande. Ukianguka, unaweza kujipata umesukumwa ng'ambo ya mpaka, nchi ambayo pengine hujawahi kuiona.

Hakuna kabila lingine lilipewa kadi ya pili. Kuna waliosema hadharani kwamba huu ni ubaguzi, na Ibrahim alikuwa kati yao. Na kumbuka enzi hizo: chama kilikuwa kimoja, KANU, na kuongea vibaya kuhusu serikali ilikuwa njia fupi ya kupotea.

Julai 1990

Mwaka uliofuata moto ukawaka Nairobi. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa Kamukunji tarehe 7 Julai, ile tunaita Saba Saba, wakidai vyama vingi. Siku chache kabla ya mkutano wakashikwa, na Raila Odinga pia. Serikali ikageukia mawakili. Gitobu Imanyara akashikwa, John Khaminwa akashikwa, na Mohammed Ibrahim naye. Gibson Kamau Kuria akahepa na kuingia ubalozi wa Marekani.

Kuzuiliwa bila kesi si kama kushtakiwa. Ukishtakiwa, unajua kosa, unaona hakimu, unapata siku ya kujitetea. Hapa waziri anaweka sahihi tu, unapotea, na familia haijui utatoka lini. Kwa wakili hiyo ni matusi maradufu, kwa sababu kitu pekee anajua kutumia, yaani korti, kimewekwa kando.

Mawakili waliachiliwa baada ya wiki chache, kelele za ndani na nje zilipozidi. Wengine walikaa hadi 1991, na Matiba alitoka akiwa amepigwa na kiharusi. Mwisho wa mwaka huo huo vyama vingi vikaruhusiwa, na ile sheria ya hatari ya kaskazini mashariki nayo ikaondolewa.

Jaji naye apigwa msasa

Kibaki alipoingia, Ibrahim aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu, mwaka wa 2003. Mwaka wa 2011, chini ya katiba mpya, akawa mmoja wa majaji wa kwanza kabisa wa Mahakama ya Juu.

Halafu 2012 ikawa zamu yake. Katiba ilisema majaji wote wa zamani wakaguliwe upya. Ibrahim akaenda mbele ya bodi, na bodi ikasema hafai kwa sababu alikuwa amechelewesha hukumu nyingi. Hiyo haikuwa kitu kidogo, kwa sababu nyuma ya kila faili iliyochelewa kuna mtu anangoja haki yake. Aliomba uamuzi uangaliwe tena, bodi ikamsikiza, akarudishwa kazini.

Hapo ndipo unaona tofauti. Alikaguliwa kwa kazi yake, akaambiwa kosa lake, akapewa nafasi ya kujibu. Wale wa 1989 walikaguliwa kwa damu yao.

Baadaye alisikiza kesi za urais za 2013 na 2022. Ile ya 2017 alianza kuisikiza akaugua katikati, ndio maana uchaguzi ulifutwa kwa kura za majaji wanne dhidi ya wawili.

Kipande bado ni ngori

Ungedhani baada ya katiba ya 2010 hii stori iliisha. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walizolewa Eastleigh na mitaa mingine, na wengine wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Na hofu ya usalama si uongo: mwaka uliofuata, Aprili 2015, Al-Shabaab waliua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa. Lakini kijana wa Garissa alilipa mara mbili. Magaidi walikuja kwao, na serikali ikamwangalia yeye kama gaidi.

Kuna pia wale ambao njaa iliwafanya wazazi wawaandikishe kama wakimbizi Dadaab ili wapate chakula. Wakifika miaka 18 na kuomba kipande, mashine inasoma alama za vidole na kusema wewe ni mkimbizi. Ni Mkenya, amezaliwa hapa, lakini bila kipande hapati kazi, hafungui akaunti, hasajili laini ya simu. Shirika la Haki na Sheria la pale Garissa lilipeleka hiyo kesi kortini, na 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikaamua upande wa hao vijana. Februari mwaka huo huo, Rais Ruto alikuwa Wajir akatangaza mwisho wa msasa maalum wa vipande kwa kaunti za mpakani.

Tangazo ni tangazo, na ofisini ni kwingine. Kwa hivyo shika hii. Kifungu cha 12 cha katiba kinasema kila raia ana haki ya kupata kitambulisho na pasipoti. Kifungu cha 27 kinakataza kubaguliwa kwa kabila au dini. Na kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa ofisi ya serikali ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ukinyimwa kipande, usirudi nyumbani na "njoo wiki ijayo." Itisha hiyo sababu iandikwe, kwa sababu ndiyo karatasi ambayo loya ataanza nayo.

Mwaka wa 1983 mtu wa Garissa akitaka loya wa jamii yake, alikuwa na mmoja tu wa kutafuta nchi nzima. Leo wako wengi, na baadhi yao wana ofisi pale pale Garissa mjini, kabla hujafika daraja.